Waya wa Pili

"Shangazi, waya wa pili uko wapi?"

Tulikuwa tumesimama Soga, nje ya uzio wa reli mpya, mimi na mtoto wa kaka yangu. Ilikuwa likizo ya Juni 2024. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 mwezi huohuo, na kila mtu wa Kibaha mwenye ndugu karibu na njia alijikuta ghafla amemkumbuka ndugu huyo. Sisi tulikwenda kumpa hongera binamu yangu aliyejifungua. Hongera zenyewe zilichukua dakika tano, muda uliobaki tukautumia kusubiri treni.

Ilipita haraka kuliko nilivyotarajia. Watu walipiga mayowe, wengine wakainua simu na kuambulia picha za mkia. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka kumi, hakupiga kelele wala kupunga mkono. Macho yake yalikuwa juu, kwenye nyaya.

"Waya wa pili wa nini?" nikamuuliza.

"Balbu inataka nyaya mbili. Mmoja wa kwenda, mwingine wa kurudi. Ule mkono ulio juu ya paa la treni unagusa waya mmoja tu. Sasa umeme unarudi wapi?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka kumi na moja, nina cheti, nina diploma, na kwenye semina nimewahi kusimama mbele ya walimu wenzangu kueleza mbinu shirikishi. Sikuwa na jibu. Badala ya kusema sijui, nilisema maneno niliyoambiwa utotoni na ambayo nami nimewaambia mamia ya watoto: "Hayo utayasoma mbele ya safari. Sasa hivi fikiria mtihani."

Alinyamaza, lakini shingo yake ilibaki imeinuka mpaka tunaondoka.

*

Mtoto huyu aliletwa kwangu Kibaha Januari mwaka huo kutoka Kisarawe, kijiji kilicho mbele ya Maneromango, alikokuwa akiishi na bibi yake, yaani mama yangu. Alikuwa anaingia darasa la nne. Tuliomleta tulikubaliana kwamba kule kijijini anapoteza muda. Alikuwa mtoto wa kushinda porini na manati, kuchimba mitego ya panya, kukusanya spoku za baiskeli na redio zilizokufa. Akitumwa dukani alirudi baada ya saa mbili kwa sababu njiani alikuta siafu wanahama na akawasindikiza.

Na Kibaha ni mji wa shule. Hilo silisemi kwa majigambo, ndiyo historia yake. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki zilikubaliana kuanzisha pale mradi wa kupambana na wale maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Januari 1970 mradi ukakabidhiwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Ukisema umetoka Kibaha, watu wa makamo bado wanakuuliza kama ulisoma pale. Mtu akitoka kijijini Kisarawe kuja Kibaha kusoma, kwenye ukoo wetu hiyo ni habari ya kusimuliwa msibani na harusini.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuitaja. Baba yake, kaka yangu, alikuwa na mikono ileile. Akiwa na miaka kumi na mbili alitengeneza redio ya mjumbe iliyokuwa imeshindikana kwa fundi wa Mlandizi. Akiwa na miaka kumi na nne alifeli darasa la saba. Hakuna aliyeshangaa, maana shuleni hakuna mtihani uliowahi kumuuliza kitu alichokijua. Leo anaendesha bodaboda ya mtu, analipa hesabu kila jioni, na pikipiki zote za kijiweni zikiharibika anatengeneza yeye, mara nyingi kwa soda.

Nilipokuwa namtazama mpwa wangu ameinamia betri na waya, sikuwa namwona yeye. Nilikuwa namwona kaka yangu, na niliogopa.

*

Tuliporudi kutoka Soga akaanza kuunda treni. Alipata kopo la mafuta ya kupikia kwa mama wa chipsi, akalikata kwa mkasi wangu wa kitambaa (sitasema nilisema nini). Magurudumu aliyachonga kutoka kwenye ndala kuukuu, kama watoto wa Pwani tulivyofanya siku zote. Juu ya paa akaweka mkono wa waya unaoinuka na kushuka. Akachomeka miti ya mihogo uani kwangu, akatundika waya kutoka mti mmoja hadi mwingine. Ndani ya treni aliweka balbu ya tochi, na mwisho wa njia alifunga betri mbili kwa mpira wa mgao, ule wa baiskeli.

Balbu haikuwaka. Kila jioni akitoka shule alijaribu, na kila jioni haikuwaka. Alibadili waya. Alikwangua kutu. Alibadili betri kwa zile za rimoti yangu. Sikuwahi kumwona analia wala kusema amechoka. Alikuwa anakuna kichwa, anaangalia juu kama tulipokuwa Soga, anaanza tena.

Nilifundisha darasa la watoto tisini na nne mwaka ule. Kama mmoja wao angekaa na swali moja la hesabu kwa wiki tano bila kulazimishwa, ningemwandikia mkuu wa shule barua ya furaha. Lakini hili lilikuwa linatokea uani, kwa kopo, kwa hiyo niliita mchezo.

Septemba matokeo ya mtihani wa majaribio yakatoka. Alikuwa wa sitini na kitu. Upimaji wa darasa la nne ulikuwa Oktoba, na asiyefaulu hukariri darasa. Nilisaini karatasi, nikaikunja, nikakaa nayo usiku kucha. Jumamosi asubuhi, yeye akiwa twisheni, nilifagia uwanja. Nilikusanya majani, maganda ya mihogo, makaratasi, miti aliyochomeka, na treni. Nikawasha moto.

Bati haliungui. Ziliungua ndala, zikatoa moshi mweusi wenye harufu ambayo hata leo nikiisikia mahali nageuza shingo. Aliporudi aliukuta moto unafifia. Alisimama akiwa na begi mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimeshapanga hotuba yote, ya baba yake, ya maisha. Yeye akasema tu, "Shikamoo Shangazi," akaingia ndani akachukua daftari.

*

Alifaulu. Tena vizuri, alama ambazo ningependa kuziona kwa watoto wangu wote tisini na nne. Walimu wenzangu walinipa mkono. Mmoja aliniuliza siri, nikamjibu, "Nidhamu tu," na niliona aibu hapohapo nikitamka.

Kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto ambaye haulizi. Alikuwa na heshima mno. Alifua, aliosha vyombo, alikaa na kitabu. Nikimwambia jambo anaitika. Mbalamwezi ilipokuwa imezungukwa na duara kubwa la mwanga usiku mmoja, jambo ambalo zamani lingetugharimu saa nzima ya maswali, aliliangalia mara moja akaenda kulala. Niliulizia mwenyewe: "Unajua lile duara ni nini?" Akasema, "Hapana, Shangazi." Nikasubiri. Hakuna kilichofuata.

Wenye shule tunaamini udadisi tunaugawa sisi, kama uji. Siku zile niliona kwamba mtoto anakuja nao, na kwamba kazi ambayo mtu mzima anaweza kuifanya kwa dakika kumi, kwa njiti moja ya kiberiti, ni kuuzima.

*

Desemba nilimrudisha Kisarawe kwa likizo. Tulipanda gari Mlandizi, tukaingia barabara ya ndani kupitia Mzenga. Mikorosho ilikuwa inazaa na maembe yalikuwa yameanza kuanguka. Mama alitupokea, akampima mtoto kwa macho, akamlisha. Usiku, tukiwa wawili jikoni, akaniambia, "Mtoto wangu mmemnenepesha. Maneno yake mmeyaweka wapi?"

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima cha miaka ya sabini. Hajawahi kuona diploma yangu wala kuiulizia. Nilimweleza kuhusu moto. Hakunigombeza. Aliendelea kuchekecha unga, kisha akasema, "Wewe nilikuacha ukacheza."

Ni kweli. Kesho yake nilikaa barazani nikawatazama watoto wa jirani wakicheza mdako chini ya mwembe, palepale tulipocheza sisi. Unachimba kishimo, unajaza kokoto. Unarusha jiwe moja juu, na likiwa hewani unazikokota kokoto zitoke nje, unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha shimoni zote isipokuwa moja. Hiyo ni yako. Ukimaliza raundi ya moja moja unaingia ya mbili mbili, kisha tatu tatu. Sisi kabla ya kuanza shule tulijua kwamba kokoto ishirini hazikubali tatu tatu, mbili zinabaki bila mwenyewe, na tuligombana sana kuhusu hizo mbili. Nilipofika darasani mwalimu akaandika ubaoni "baki", nikafikiri, kumbe zina jina. Hesabu ya kugawanya sikufundishwa. Niliikuta Kisarawe, chini, kwenye mchanga, na aliyenionyesha alikuwa msichana aliyenizidi miaka miwili na ambaye mwenyewe hakujua kama ananifundisha.

Nikakumbuka na mengine. Kuuza korosho za kukaanga stendi kulinifundisha chenji kabla ya kutoa. Kombolela ilinifundisha ramani ya kijiji, kila kichaka na kila choo. Hakuna mtu aliyetuandalia somo. Wakubwa walikuwa karibu, wanatwanga, wanasuka mikeka, wanatupigia kelele tukisogelea kisima. Walituchunga bila kutuongoza.

Ukitoka Kisarawe mjini kushuka kidogo unafika Pugu. Pale, kwenye Shule ya Mtakatifu Francis, Julius Nyerere alifundisha kuanzia 1953 mpaka alipouacha ualimu kwa ajili ya siasa mwaka 1955. Mwaka 1967, akiwa Rais, aliandika Elimu ya Kujitegemea, na moja ya mambo aliyoyataka ni kwamba mtoto atoke shuleni akiwa na akili ya kudadisi, asiyeamini kuwa maarifa yote yako vitabuni na kwa waliosoma. Najua hivyo kwa sababu chuoni tulikariri malengo ya andiko hilo, kwa namba, kwa ajili ya mtihani. Nilipata yote. Ilinichukua miaka kumi na moja na moto mmoja kugundua kwamba nilikuwa nimekariri onyo dhidi ya kukariri.

Pia nilikuwa nimesoma, kwenye kile kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, habari za watoto wanaojifunza wenyewe. Mwaka 1999 huko New Delhi, Sugata Mitra aliweka kompyuta kwenye ukuta uliopakana na mtaa wa watu maskini, akaiacha, na watoto wakajifunza kuitumia kwa kuonyeshana. Hapa kwetu, mkoani Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017 watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu zilizokuwa zikishindania tuzo ya XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani, na hapakuwa na mwalimu wa kuwaongoza. Baada ya miezi kumi na mitano wapo walioanza kusoma Kiswahili, na Mei 2019 timu mbili ziligawana dola milioni 10. Sikuzisoma habari hizo nikaona mwalimu hafai, ningekuwa najifukuza kazi. Kusoma herufi kunataka mtu wa kukurekebisha, na mtoto wa Tanga aliyejua silabi hamsini bado alihitaji shule. Lakini niliona kitu kimoja ambacho nilikipita wakati ule: katika habari zote mbili hakuna mtu mzima aliyekuja Jumamosi asubuhi na ufagio.

*

Nilitaka kurekebisha. Nilimwomba Mama tochi yake kuukuu, ile ya balbu na betri kubwa mbili, nikatafuta waya, nikamwita mtoto barazani. "Hebu nieleze tena lile swali lako la treni."

"Nimelisahau, Shangazi."

Hakuwa amelisahau. Nilifundisha muda mrefu vya kutosha kumjua mtoto anayejificha nyuma ya adabu. Nikaacha kumuuliza. Nikakaa chini mwenyewe na ile tochi.

Naomba msomaji anielewe, sikuwa naigiza. Sikujua kuwasha balbu kwa betri na waya. Nilikuwa nimeufundisha umeme kwa mchoro, kwa mistari iliyonyooka niliyochora kwa rula, na watoto wakanakili kwa rula. Mikononi mwangu betri zilidondoka, waya ulijikunja, balbu ilikaa gizani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Watoto wa mdako waliacha kokoto wakaja kutazama mwalimu anavyoshindwa. Mpwa wangu alikaa mbali, kwenye mzizi wa mwembe, akijifanya anachonga kijiti.

Siku ya pili, alasiri, nilisikia sauti nyuma ya bega langu. "Umeshika upande mmoja."

"Upande upi?"

"Waya umeugusisha kitakoni mwa balbu tu. Na ubavuni pia paguse." Akachutama. Akanishikia. Ikawaka.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Yeye ndiye aliyeendelea, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Alisema kwamba ubavuni lazima, maana umeme unataka kurudi. Alisema treni ya Soga haina pa kurudia. Kisha akanyamaza, akaangalia juu. Halafu, na hiki ndicho ningependa kila mwalimu akione angalau mara moja, macho yake yakashuka. Yakashuka taratibu mpaka chini kabisa, mchangani.

"Reli," akasema. "Reli ni chuma."

Akaondoka mbio. Kwa siku tatu hatukumwona vizuri. Alipata bati kutoka kwenye paa la banda la kuku lililobomoka, akakata vipande viwili virefu vya reli. Alifunga waya mmoja kutoka kwenye betri kwenda juu kwenye miti ya mihogo, mwingine akaufunga kwenye reli. Treni mpya ilikuwa na ekseli za spoku na magurudumu ya vizibo vya soda. Kwanza iliwaka ikazima. Alikwangua rangi kwenye vizibo. Ikawaka, na alipoisukuma ikaendelea kuwaka, taa inatembea kutoka mti hadi mti kwenye giza la magharibi, na watoto wote wa mtaa wakaikimbilia wakipiga honi kwa midomo.

Nilisimama kando. Alikuja na treni mkononi, akaigeuza kunionyesha chini yake.

"Kumbe ile ya kwanza isingewaka hata siku moja," akasema. "Magurudumu yalikuwa ya ndala. Ndala hazipitishi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Labda alikuwa ananieleza tu alichogundua. Labda alikuwa ananifariji, ananiambia kwamba nilichochoma hakikuwa na thamani. Lakini najua kwamba ilikuwa na thamani. Bila ile iliyokataa kuwaka kwa wiki tano asingefika kwenye hii, na kama ningeiacha angefika mapema zaidi, uani kwangu, na mimi nikiwepo. Nilimwambia, "Nisamehe kwa ule moto." Akasema, "Haya, Shangazi," kama wasemavyo watoto waliolelewa vizuri, na siwezi kukueleza ndani ya hiyo haya kulikuwa na nini.

*

Sasa yuko darasa la tano. Kibaha bado kuna mitihani, na sitamdanganya mtu kwamba imeacha kuwa na maana. Kaka yangu bado analipa hesabu ya bodaboda. Ninachokifanya ni kidogo. Darasani, mtoto akiuliza nisichokijua, nasema sijui, kisha naandika swali lake pembeni mwa ubao na jina lake chini, na halifutwi mpaka mmoja wetu alete jibu. Mkaguzi mmoja aliniuliza maandishi yale ni ya somo gani.

Nyumbani uani nimeacha upande mmoja bila kufagia. Kuna makopo pale, na waya, na pampu ya baiskeli ambayo sijui inangoja nini. Ameanza kuuliza tena, ingawa maswali makubwa anayaweka kwa ajili ya bibi yake, kwenye simu, Jumapili. Mimi huwa nayasikia nikiwa jikoni, napunguza moto wa jiko ili nisikie vizuri.

Treni ya vizibo ameiacha Kisarawe, juu ya kabati la Mama, imefunikwa kwa kitambaa. Nimeshamwambia mara mbili kwamba anaweza kuileta huku.

"Itakaa kwa Bibi," anasema.

Sijamlazimisha.